Mbuzi Watatu Mubashara

Kila Alhamisi saa kumi alasiri Kasiva hakuwa mke wa mtu wala mama wa mtu. Alikuwa mtazamaji wa "Leo Umepatikana", kipindi cha runinga ambacho mtangazaji Keynan na kamera zake hufuatana na polisi mitaani, mubashara, wakifumania wezi. Raha yake kubwa ilikuwa pale mshukiwa anapojifunika shati kichwani. Hapo Kasiva huruka kochini na kupiga kelele zinazofika nyumba ya tatu: "Uso! Uso! Tuone uso!"

"Na kama hajaiba?" binti yake Ndindi humuuliza.

"Kama hajaiba, anaficha nini?"

Alhamisi hii alikuwa na furaha mbili. Jumamosi wakwe wangeleta ntheo, mbuzi watatu ambao bila wao Mkamba hahesabu kuwa binti ameolewa. Miaka miwili Kasiva aliisubiri siku hiyo. Mtaa wote wa Jericho ulikuwa na habari, na wasiokuwa nayo alikuwa amewapelekea mlangoni.

Tangazo la sabuni lilipoingia, alikwenda jikoni kuangalia chai. Dirishani akaona maajabu: jamaa mwenye koti la kofia kubwa anamburuta mbuzi kuingia nyumba ya jirani yao Opicho, na Opicho kila mtu alijua yuko kazini. Mbuzi wa pili akafuata. Wa tatu alikuwa amefungwa soksi mdomoni asilie.

Soksi! Mtu mwenye mbuzi wake halali amfunge soksi ya nini? Moyo ulimdunda kwa utamu. Namba ya kipindi aliijua kwa kichwa kuliko ya pasta, na kabla chai haijafurika alikuwa ameshapiga.

"Mtoa habari hatajwi," msichana wa simu akamhakikishia.

Kumbe Keynan alikuwa karibu tu, mtaa wa Dandora. Haikuisha nusu saa, gari likafika na polisi wawili, kamera mbili, na nyuma yake mtaa mzima. Kasiva akajitanda leso mpya, akatoka mbio, akasimama mbele kabisa.

"Niaje Jericho!" Keynan akapaza sauti. "Leo..."

"Umepatikanaaa!"

Jamaa akatolewa nje, kofia ya koti imemfunika macho, mbuzi wakimfuata. "Uso! Uso!" Kasiva ndiye aliyeongoza. Polisi akaivuta kofia.

Alikuwa Muthama, karani mpole, mchumba wa Ndindi.

Naye alipomwona Kasiva akafanya kile ambacho kijana yeyote wa Kikamba aliyelelewa vizuri angefanya mbele ya mama mkwe: akainamisha macho, akaugeuzia ukuta uso wake wote.

"Mnacheki?" Keynan akashangilia. "Anajificha! Hawa mbuzi ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Wa nini?"

Muthama akazidi kuukabili ukuta. Angejibu, jina la Ndindi lingerushwa hewani, na la mama mkwe pia.

"Huyo ni mwizi!" jirani Winny akacheka. "Ona vile anaogopa!"

Kasiva alijua ni watu wangapi walikuwa wakicheka makochini saa hiyo, maana kila Alhamisi alikuwa mmoja wao. Angeweza kunyamaza. Mtoa habari hatajwi. Lakini Jumamosi asingekuja mtu.

"Si mwizi!" akapasua sauti. "Hiyo ni heshima, wajinga nyinyi! Mkwe hamkodolei macho mama mkwe! Hawa ni mbuzi wa ntheo ya binti yangu, amewaficha kwa rafiki yake Opicho mpaka Jumamosi. Na soksi ni ili mimi nisisikie!"

"Sasa nani alitupigia simu, mathe?"

Kasiva akainua mkono. "Ni mimi. Mimi mwenyewe, na akili zangu zote."

Mtaa ukaangua kicheko, polisi nao. Beberu mwenye soksi akakojolea waya wa kamera. Simu zote zikamgeukia Kasiva, naye akajifunika leso usoni.

"Uso! Uso!" Winny akaanza, na wote wakapokea.

Leso ilikuwa nyepesi mno. Aliona haya. Mara kitu kizito chenye joto kikamwangukia kichwani, kinanuka mbuzi. Lilikuwa koti. Muthama alikuwa amelivua na kumfunika, macho yake mwenyewe bado yako ukutani.

"Twende nyumbani, mama," akasema, akimwongoza kwa kushika ncha ya koti tu.

Mle ndani ya koti Kasiva alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Ndindi!" akaita, ingawa siku hiyo Ndindi alikuwa kazini mjini. "Ndindi, huyu hata akija bila mbuzi, mchukue!"