Kudosi Hazikung'uti Ufuta

Ilikuwa mwezi Juni mwaka 2024, kiangazi kimeshika na ufuta umekauka mashambani Chiola. Bi Mwantumu, mwalimu mstaafu mwenye goti bovu, alikuwa barazani akimtazama mjukuu wake Faudhia, aliyerudi jana kutoka Ruangwa mjini, akiichekea simu.

"Wameandika nini humo?"

Faudhia akasoma. Jirani yao Goreti alikuwa ameliandikia kundi la majirani kwamba maganda ya ufuta wake yameanza kupasuka. Upepo ukizidi, punje zote zitaishia mchangani. Anaomba mikono ya kumsaidia kukung'uta leo.

"Nanyi mmemjibu nini?"

"Nimeandika 'kudos', Bibi. Wote wameandika hivyo."

Bi Mwantumu akafumba macho kama aliyelamba shubiri. "Maana yake?"

"Kumsifu. Kumpa moyo."

"Nusu umepata, nusu umekosa. Ni sifa, na neno lenyewe Waingereza walilichukua kwa Wagiriki. Hupewa mtu aliyekwisha kutenda jambo likaonekana. Goreti leo ametenda nini zaidi ya kuomba? Anayezama hapigiwi makofi."

"Siku hizi watu hulitumia tu, Bibi."

"Hulitumia tu. Na chumvi nayo mnaitumia hivyo?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na wanafunzi wake wa zamani waliiogopa sauti hiyo kuliko fimbo. "Ufuta wangu, wiki iliyopita, aliukung'uta nani?"

"Ni huyo huyo Mama Goreti."

"Wewe uliyeahidi kuja ulimwandikia nini?"

Faudhia akainamisha uso. "Kudos."

"Hapo neno lilikaa mahali pake, maana kazi aliimaliza. Lakini sifa haikulipa kazi ile. Hapa kwetu aliyekukung'utia, nawe humkung'utia. Leo zamu imefika, nawe unampelekea neno lile lile."

Akaukamata mkongojo, akasimama kwa kuguna.

"Keti, Bibi. Nitakwenda mimi."

"Utakwenda, nami nitakwenda. Nimechoka kungojea watu wanaosema 'nitakwenda'."

Walimkuta Goreti peke yake, ameinamia turubai, kilemba kimejaa vumbi. Hakuacha kazi.

"Shikamoo, Mwalimu. Kudosi zimenijaa simuni. Nimezitikisa weee, haijadondoka hata punje."

"Marahaba. Nimekuletea mwenye deni."

Faudhia akafunga khanga kiunoni. Akabeba tita la kwanza kwa pupa, na ufuta ukamwagika njiani.

"Polepole," Goreti akasema. "Libebe kama mtoto aliyelala. Uligeuze kichwa chini ukishafika kwenye turubai, si kabla."

Bi Mwantumu aliketi kwenye pembe ya turubai, akaikalia ili upepo usiipeperushe. Simu ililia mkobani mara kadhaa, hakuna aliyeigusa. Jua lilipoanza kuzama, viganja vya Faudhia vilikuwa vimechubuka na tita moja tu limesalia. Goreti alinyoosha mkono alichukue.

"Liache, Mama," Faudhia akasema. "Hilo ni langu."

Akaligeuza kichwa chini, akalipiga kwa fimbo mpaka halikudondosha kitu tena.