Hamu ya Bi Mwanasha

Tangu Mzee Kibwana azikwe, mkewe Bi Mwanasha alikuwa amekalia eda chumbani, katika nyumba yao ya Kilwa Kivinje, na chakula akawa anakitazama tu. Uji vijiko viwili, basi. Wali wa nazi ulirudi jikoni kama ulivyokwenda, samaki akaliwa na paka. Binti yake Mwanaheri, aliyeacha mume na shamba Tingi kuja kumwangalia, alikuwa amechoka mpaka kope zinamuuma. Penye wengi pana mengi, na nyumba ile haikukosa wengi. Mashangazi waliingia na kutoka, kila mmoja na ushauri wake wa namna ya kumlisha mjane, lakini wa kuosha sufuria hakuonekana hata mmoja.

Kila kukicha Mwanaheri alimuuliza mama yake swali lile lile: utakula nini? Mwishowe Bi Mwanasha akafumbua macho.

"Nina hamu ya chokoleti," akasema. "Ile ya vipande, yenye korosho. Marehemu baba yako aliwahi kuniletea kutoka Dar."

Mwanaheri nusura apige vigelegele, akakumbuka yumo katika nyumba ya msiba. Akazunguka maduka ya Kivinje, akaambulia pipi na biskuti. Akampigia simu kaka yake Suleiman, aliyekuwa Dar. Suleiman alikuwa hodari wa kutoa pole kwa simu kuliko kupanda basi, lakini safari hii alijitahidi, akamtumia kwa basi mabamba mawili ya chokoleti ya kupikia. Mwanaheri akaenda kuyapokea kituoni Nangurukuru, akarudi nayo juu ya bodaboda huku ameyakumbatia.

Mke wa Suleiman ndiye aliyempa maelekezo kwa simu. "Unaiyeyusha, wifi, unaimwaga kwenye sinia iwe nyembamba, unatandaza korosho juu. Ikiganda unaivunjavunja."

"Kumbe kashata tu!"

"Siyo kashata, wifi. Angalia usije uka..."

Lakini Mwanaheri alishakata simu. Korosho zilikuwa zinataka kuungua kikaangoni.

Kashata alianza kupika kabla hajajua kusoma, na mkono uliozoea haungoji kuambiwa. Akateleka sufuria juu ya mkaa, akatia bamba la kwanza, akamimina na maji kidogo, kama sukari inavyotaka. Chokoleti ikajikunja, ikakakamaa, ikawa tope la chembechembe. Alipoikoroga kwa nguvu ikashika chini na kuungua. Mazoea yana taabu.

Mwanaheri akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akalia. Alilia kwa ajili ya baba yake, ambaye yeye hakuwa amepata nafasi ya kumlilia, na kwa ajili ya usingizi, na kwa ajili ya masinia yote yaliyorudi na wali wake.

"Nimechoka," akasema kwa sauti. "Wallahi nimechoka! Akitaka kufa na afe, mimi nitafanya nini tena?"

Papo hapo akaziba mdomo. Astaghafirullah. Jiko na chumba cha mama yake vilitenganishwa na ukuta mmoja tu, na Bi Mwanasha hakuwa kiziwi.

Akanawa uso, akampigia wifi yake tena, na safari hii akasikiliza mpaka mwisho. Bakuli kavu juu ya sufuria ya maji ya moto, mkaa mchache, na lisiingie hata tone la maji. Bamba la pili likayeyuka taratibu, likang'aa. Akalimwaga kwenye sinia alilolitandika karatasi, akatandaza korosho na chembe za chumvi, akalipeleka kwa jirani yake Bi Mwanahija, mwenye friji la kuuzia barafu. Bi Mwanahija akawahamisha changu wake kumpisha mgeni.

Alasiri Mwanaheri aliingia chumbani na sahani ya vipande. Bi Mwanasha akavitazama.

"Umeipata wapi?"

"Kaka ametuma, nikaitengeneza mwenyewe. Kula, mama. Kidogo tu."

"Mwanangu, mimi sikuwa na hamu yoyote. Nilitaja kitu nilichojua hapa hakipatikani, ili uache kuniuliza. Nilitaka uchoke, urudi kwa mumeo, uniache nimfuate baba yako."

Mwanaheri akakaa ukingoni mwa kitanda. Hasira ilimpanda, kisha ikamshuka, kwa maana hata hasira inataka mtu mwenye nguvu.

"Na leo nimekusikia jikoni," mama yake akaendelea. "Nikajua umeshachoka."

"Nimechoka kweli, mama. Lakini siondoki."

Bi Mwanasha akaivuta sahani karibu. Halafu akachukua kipande kidogo kuliko vyote, akakitia mdomoni. Korosho ikalia kwenye meno yake. Alitafuna kwa kazi kubwa, kama mtu aliyesahau namna yake, akameza. Akanyoosha mkono, akachukua kingine.

Alipokimaliza alijisogeza ukutani, akapigapiga godoro pale palipobaki wazi, upande wa marehemu.

"Lala hapa," akasema. "Usiniulize tena kitu. Nikishikwa na njaa, nitakuamsha mimi."