Shavu la Mguu

"Lete mguu," alisema Bi Kidawa. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha binti yake, bakuli la mafuta ya nazi ya moto mapajani, mikono ya dishdasha, kanzu yake ya nyumbani, kaikunja mpaka viwikoni.

Kheiria hakuuleta. Tangu asubuhi shavu la mguu wake wa kushoto lilikuwa linauma, na sasa lilikuwa limevimba, ngozi imekaza na kung'aa. Mguu wa kulia haukuwa na kitu.

"Mama, usiuguse."

"Nisiuguse? Uzazi wako wote nani kakukanda? Huo umekaza kwa kulala. Ntaulainisha sasa hivi."

Kulala kwenyewe kulikuwa amri yake. Kheiria alipotoka hospitali, Bi Kidawa alihamia katika nyumba hii ya mtaa wa Al Khoudh akamlea kama mzazi aliye ndani ya arubaini: uji wa pilipili manga, kitandani kutwa, marufuku kushuka ngazi. Daktari alikuwa amesisitiza anyanyuke na kutembea mara kwa mara, hata akiwa ameinama, ili damu isitulie miguuni. Kheiria alikumbuka. Lakini kila aliposimama tumbo lilimvuta, na kulelewa na mama ni kutamu. Akalala.

Tena alikuwa na jambo lililomfunga mdomo. Mama alidhani amepasuliwa ngiri.

Hapakuwa na ngiri. Baada ya mtoto wa mwisho, ngozi ya tumbo lake ilibaki ikining'inia, na misuli ikawa imeachana katikati. Alishauriana na mumewe, Safwan, anayefanya kazi mbali, mji wa Duqm, wakakubaliana. Kwa mama hakuthubutu. Jirani mmoja alipofanya upasuaji kama huo, Bi Kidawa alisema mbele ya wageni: "Kenda kukatwa nyama kama mbuzi wa Idi, tena kwa miguu yake mwenyewe!" Wageni walicheka. Kheiria naye alicheka.

"Mama, nisikilize. Huenda damu imeganda humo ndani. Ukikanda inaweza kumeguka, ikapanda mapafuni. Nesi alinionya."

"Kwa ngiri? Kaka yako Marhoon alipasuliwa ngiri, hajakaa sana yuko soko la Seeb anachagua samaki." Bi Kidawa akachota mafuta kwa vidole. "Lete."

Kheiria akauvuta mguu kwa mikono yake miwili.

"Si ngiri."

"Nini basi?"

"Nimekatwa tumbo, mama. Nyonga hii mpaka nyonga hii. Wameondoa ngozi, wameshona misuli. Nililazwa usingizi kwa muda mrefu. Hatari yake ndiyo hii."

Mafuta yalimdondoka Bi Kidawa vidoleni yakaingia kwenye shuka.

"Safwan anajua?"

"Anajua."

"Safwan anajua. Mie nakupikia uji."

Akaliweka bakuli sakafuni. Kheiria alingoja matusi, lakini mama alikuwa akiutazama mguu.

"Jana nlikukanda," alisema. "Mguu huo huo. Ulikuwa umelala usingizi wa dawa, unaugulia na kuuvuta, nkaona nikusaidie."

Kiyoyozi kilivuma. Bi Kidawa akamsogelea.

"Kifua kinauma?"

"Hapana."

"Vuta pumzi. Ndani kabisa."

Kheiria akavuta. Alihisi kama kitu kimembana ubavuni, au ni hofu tu, hakuweza kutofautisha.

Bi Kidawa aliendesha gari mwenyewe kwenda hospitali, akipunguza mwendo kwenye kila tuta.

"Pumua nikusikie."

"Napumua, mama."

"Kwa sauti."

Hospitalini daktari wa zamu, Bashayer, aliubonyeza mguu taratibu, akauliza kwa Kiarabu ni upasuaji gani, na kama amekuwa akitembea. Kheiria akajibu yote. Kisha daktari akauliza kama kuna mtu aliyeukanda.

Kheiria akatikisa kichwa kukataa, asimtaje mama.

"Nimemkanda mimi," alisema Bi Kidawa kwa Kiswahili. Akarudia kwa Kiarabu: jana, kwa nguvu, mpaka juu ya goti.

Daktari hakumlaumu. Aliagiza vipimo: mguu, na kifua pia.

Walingoja. Bi Kidawa alikalia mikono yake kama mtu anayeona baridi. Kila Kheiria alipokohoa, alisimama.

Damu ilikuwa imeganda kwenye shavu la mguu. Mapafuni hapakuwa na kitu. Kheiria angelazwa usiku huo, kisha aendelee nyumbani na sindano za kuzuia damu kuganda. Nesi aliuliza nani atamdunga. Kwa kawaida hudungwa tumboni, ila kwa kidonda kile, ingekuwa pajani. Kheiria aligeuza uso. Hata kuitazama sindano hakuweza.

"Nionyeshe mie," alisema Bi Kidawa.

Nesi akamwonyesha namna ya kuibana ngozi na kuingiza sindano bila kusugua baadaye. Bi Kidawa akaishika.

"Mama, umewahi kumdunga mtu?"

"Sijapata. Na ugomvi wetu upo pale pale, usidhani umekwisha. Ukipona tutagombana." Akabana ngozi ya paja. "Sasa tulia, n'sikosee."