Sauti Chini ya Nyimbo

Mama Dekio alikuwa amepiga magoti kando ya spika, anakamua tambara, aliposikia wageni wakipanda ngazi. Akafunga mdomo. Ndiyo amri ya meneja wa studio: wageni wakija, asithubutu hata kuguna.

"Chumba chenyewe ndicho hiki," meneja akanong'ona kama yuko msibani. "Hapa ndipo bendi ya Vyuma Chakavu ilipoinasa sauti ya marehemu."

Msichana mmoja akajikumbatia, vinyweleo vimemsimama. Wakampita Mama Dekio kama wanavyopita kiti.

Marehemu mwenyewe alikuwa ni yeye.

Ilikuwa hivi. Albamu ya kwanza ya vijana wale wa roki ilidoda, hata mama zao hawakuinunua. Ya pili waliirekodi humu wiki sita, magitaa yakinguruma mpaka vioo vinatetemeka. Fundi mitambo wao alikuwa na mtindo wake: kila siku watu wakishatoka, aliiacha mashine inase ukimya wa chumba, kisha akautandika ukimya ule chini ya nyimbo kama shuka. Hakujua kwamba nyuma ya mablanketi yaliyotundikwa kuzuia mwangwi kuna mtu anafuta vumbi, na mtu huyo, akijua yuko peke yake, humwimbia binti yake aliyemzika.

Albamu ikalipuka. Watu wakasikia mwanamke chini ya ngoma, redio zikasema ni mzimu, na bendi haikukanusha. Sasa Mama Dekio akienda dukani kununua sabuni anajikuta anaimba ndani ya redio. Akipita kwa kinyozi, yuko huko. Juzi alijisikia akiimba kutoka madirisha matatu kwa mpigo, akasimama barabarani anajipapasa koo kuhakikisha bado analo.

"Bosi," akasema wageni walipoondoka, "ile sauti ni yangu. Niache niimbe nikifanya kazi."

"Mama yangu, mzimu ukionekana na ndoo, nani atapanda ngazi hizi? Nyamaza, au nenda."

Akavua aproni, akaenda zake ofisi ya haki za wasanii.

Karani akapekua daftari. "Sauti ya chini: marehemu asiyejulikana. Ndivyo walivyosajili."

"Mwanangu, ndiye mimi."

"Usinitanie, mama. Haya, imba basi."

Akaimba. Mzee mmoja kwenye foleni akavua kofia. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akatoka mbio, karatasi zake akaziacha sakafuni.

"Ni yeye," karani akasema polepole. "Ni yeye kabisa." Akalirudia daftari, na daftari lilikuwa halijabadilika hata herufi. "Lakini mambo ya marehemu hushughulikiwa na ndugu zake. Jaza fomu hii ya mirathi."

"Mirathi ya nini? Nataka liandikwe jina langu, nirudi nikaimbe."

"Anzia hapo juu, mama. Usiruke mstari."

Mama Dekio akaishika kalamu. Madarasa matatu aliyosoma yalimtosha. Palipoulizwa ana uhusiano gani na marehemu, aliandika kwa herufi kubwa, moja moja, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka: MWENYEWE.

Karani akasoma. Akagonga muhuri.

"Pole sana kwa msiba, mama," akasema. "Anayefuata!"