Sauti ya Shemeji Ndani ya Birika

Ukurasa wa burudani wa gazeti ulifungwa saa kumi jioni, na maonyesho yalianza usiku. Kwa hiyo mwandishi wa ukurasa huo alitoa maoni yake kabla ya kuona chochote. Alitazama bango, akanywa chai, akaamua nani kapatia na nani kaboronga. Albamu alizipima kwa jalada, vitabu kwa unene. Mhariri aliuita huo uzoefu.

Alhamisi aliandika kwamba shemeji yake, mdogo wa mkewe, hana sauti tena. Hakuwa na kinyongo naye. Hakutaka tu aonekane anabeba ndugu.

Usiku ule shemeji aliimba hadi ukumbi ukasimama. Asubuhi waliompigia makofi walisoma gazeti, wakakubali kuwa walizidisha. Sauti nayo ilisoma, ikahama.

Mke wa mwandishi alifunua birika atie majani ya chai, akaikuta sauti humo ikiimba taratibu. Akachemshia chai kwenye sufuria.

Shemeji alifika baada ya chakula cha mchana, macho yamevimba. Alifungua mdomo, na maneno yakatokea jikoni. Dada yake akalileta birika mezani, maana si adabu kuongea na mgeni kupitia ukutani.

"Shemeji," birika likasema, "kesho wenye studio wanakuja kunisikiliza. Nikiwakosa hao, basi tena. Mimi kazi nyingine siijui."

Shemeji akajaribu kuyanywa maji yote ya birika. Sauti iling'ang'ania bati. Ilisema inaona haya kurudi mahali ambapo gazeti limesema haipo.

Mwandishi akampigia mhariri simu. Mhariri alimpa pole, akaeleza kuwa gazeti husahihisha majina na tarehe. Maoni hayasahihishwi. Wakisahihisha hili, watu watauliza na yale mengine, na ukurasa huo una miaka mingi.

"Mkuu amekataa," mwandishi akasema.

Shemeji alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alikuwa na hofu, na hakuificha.

"Basi nijibu moja tu. Umewahi kunisikia nikiimba, hata siku moja?"

Mwandishi alisema kazi zilikuwa zimembana.

"Nisikie sasa. Ukinisikia, labda utajua la kuandika."

Birika likaimba. Shemeji alifuatisha kwa midomo, jasho likimtoka. Dada yake aliweka kisu na vitunguu chini, akalia bila kujifuta. Jirani alizima redio yake. Wimbo ulikuwa mrefu, na hapakuwa na mahali ambapo mtu angetamani uishe.

Mwandishi alitazama saa ya ukutani. Usiku huo kulikuwa na kundi jipya la vijana, na bado hajaamua kama limemkuna.

"Unaimba vizuri sana, shemeji," alisema, na alimaanisha. Kisha akamwomba mkewe afunike birika, kwani saa kumi ilikuwa inakaribia, naye hawezi kuandika mambo ya muziki penye kelele.