Msiba wa Stortorget

Watu wetu wa Stockholm hawafiki mahali kwa wakati. Ukiwaalika sherehe ya saa tisa, saa kumi na moja ndipo wanakupigia kuuliza basi lipi linapita hapo. Harusi watachelewa, ubatizo watachelewa, na mkutano wa chama ndio usiseme. Kitu kimoja tu huwatoa nyumbani mapema, wamevaa kwa heshima na chupa ya chai mkononi, nacho ni msiba. Mimi Brigitha nimeishi nao miaka kumi na tisa na hilo nalijua vizuri, ndiyo maana nilifanya nililofanya. Sijutii sana. Najuta kidogo.

Jambo lenyewe lilimhusu wifi yangu Winifrida, mke wa kaka yangu Ladislaus. Kwetu Bukoba alikuwa mwalimu wa historia wa sekondari. Kaka alikuja Södertälje kujifunza kazi katika kiwanda cha malori, akabaki, akamwita mkewe, na mwalimu wa historia akaishia kusafisha ndege pamoja nami katika uwanja wa ndege wa Arlanda. Miaka kumi na saba ameinama kati ya viti akiokota maganda ya pipi na soksi za watu. Goti lake la kulia limekwisha. Halafu mwezi wa tisa mwaka huu tukaambiwa kwamba mwisho wa mwaka nusu yetu tutapunguzwa kazini, na jina lake lilikuwa kwenye orodha.

Mwingine angelala kitandani siku tatu. Wifi yangu akatoa cheti mkobani. Kumbe mwaka mzima na nusu alikuwa akienda shule ya jioni kusomea kazi ya kutembeza wageni mjini, na sisi tukidhani yuko kwaya. Nilimcheka, maana mawifi hatubembelezani. Nilimwambia Waswidi historia yao wanaijua, watamlipa mtu wa Bukoba awaambie nini? Akanijibu kwa upole kwamba mwenye nyumba ndiye wa mwisho kujua kilicho chini ya sakafu yake.

Na kweli alikuwa anajua. Kwenye treni ya kutoka Märsta alinisimulia mambo mpaka nikapitiliza kituo. Ile meli ya Vasa ambayo mfalme aliijenga kwa majigambo, ikazama mbele ya macho ya mji mzima kabla hata haijatoka bandarini. Askofu aliyelazimishwa kutia muhuri asilolitaka, akaficha chini ya nta kikaratasi cha kusema amelazimishwa, na kikaratasi hicho kikamwokoa kichwa. Uwanja wa Järntorget, ambako chuma cha Sweden kilipimwa kabla ya kupakiwa melini, na kingine kilifika hadi pwani ya Afrika Magharibi kununulia watu. Miaka yote nilikuwa nikipita hapo kula aiskrimu. Sikumwambia kwamba nilikuwa namstaajabia, nilimwambia tu apunguze sauti.

Basi akapata nafasi ya kujaribiwa. Kampuni yenyewe ni ndogo, inafanya matembezi ya kutisha katika mji wa kale: mizimu, wanyongaji, vichwa vilivyokatwa. Mwenye kampuni ni mama mmoja wa Kiswidi anayeitwa Maya. Alihitaji mtu mmoja tu. Kiingereza na Kiswidi cha Winifrida alikwisha kukipima akaridhika. Sasa alitaka kumwona mbele ya watu, akamwambia alete wasikilizaji kumi Jumamosi saa saba mchana kwenye uwanja wa Stortorget, katikati ya mji wa kale, aseme nao kwa lugha yoyote wanayoielewa, kwa sababu yeye Maya angetazama nyuso. Akampa na karatasi ya hadithi, ikiwa imeonyesha kabisa mahali pa kuwashtua watu na mahali pa kuwachekesha.

Winifrida akatuma mwaliko kwenye kundi letu la simu, lenye watu wa Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi na Kongo, wengi wao wakazi wa vitongoji vya Akalla na Kista. Siku tano zikapita. Akapata vidole gumba viwili na ua moja. Ijumaa nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo akilisugua goti kwa dawa, anasema bila kuniangalia kwamba labda Mungu hakupanga. Hilo lilinikasirisha. Nikaingia chooni, nikaandika: “Poleni kwa msiba. Tukutane kesho Stortorget saa saba mchana. Winifrida atatueleza zaidi.”

Uongo uko wapi hapo? Watu walikufa pale. Tena wengi.

Ladislaus alinipigia akihema kutoka kiwandani kuuliza nani amekufa. Nikamwambia si wa kwetu, na asithubutu kumwambia mkewe neno. Kaka yangu huniogopa, akatii.

Jumamosi mvua ilikuwa inanyesha ile ya Novemba, nyembamba na isiyokoma. Saa saba kasorobo walikuwa wameshafika watu kumi na tisa, wote wanawake, vitambaa vyeusi kichwani, khanga juu ya makoti ya baridi, chupa nne za chai. Darlène wa Kongo alibeba beseni zima la maandazi. Katikati yao alisimama Mama Vénantie, mzee wetu kutoka Burundi, ambaye hata mapadri humwamkia kwa tahadhari. Winifrida alitokea upande wa pili wa uwanja akiwa na Maya. Alipowaona alisimama ghafla. Nikamkimbilia, nikamnong'oneza yote kwa pumzi moja. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mama Vénantie akamshika mikono miwili.

“Mwanangu, tumefika. Nani ametutoka?”

Niliomba Winifrida adanganye. Angetaja mjomba yeyote wa Bukoba, wangelia kidogo, wangesikiliza, kazi ingepatikana. Lakini yule ni mwalimu. Aliwatazama wote, akakunja karatasi ya Maya akaitia mfukoni, akafanya kama inavyofanywa kwetu mtu anapoletewa habari nzito. Kwetu kifo hakitupwi usoni kwa mtu. Aliwaomba wazee waketi kwenye mabenchi yanayozunguka kile kisima cha zamani. Akauliza kama wamekula. Akamwomba Darlène amimine chai, na mpaka kila mtu akashika kikombe hakusema lolote. Maya alikuwa amesimama kando na mwavuli, akitazama saa.

Kisha Winifrida akaanzia mbali. Alisema palikuwa na karamu. Mfalme wa Denmark alikuwa ameuteka mji huu, akaapa kwamba yaliyopita yamepita, akawaalika wakubwa wa nchi kasrini wale na wanywe siku tatu kwa kutawazwa kwake. Wakaja na nguo zao nzuri. Siku ya karamu kwisha wakaitwa tena ndani, na milango ikafungwa. Kesho yake mchana wakaanza kutolewa mmoja mmoja hadi kwenye uwanja huu huu: maaskofu wawili, waungwana, mameya, wafanyabiashara. Kinyozi mmoja alichukuliwa kazini kwake, akiwa anamnyoa mtu.

“Waliouawa ni themanini na zaidi,” akasema. “Si ndugu zetu wa damu. Na ni mwaka elfu moja mia tano na ishirini. Samahani, mama zangu. Habari mmeletewa vibaya, lakini msiba ni wa kweli.”

Tracy wa Nairobi akageuza shingo taratibu kunitazama, na baada yake wengine. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilijua kwamba kumtangazia mtu msiba wa uongo ni kujiitia mkosi, na nilijua wifi yangu amepoteza kazi kwa kidole changu mwenyewe. Mama mmoja alikwisha kufunga chupa yake ya chai.

Ni Mama Vénantie aliyeuliza, “Walizikwa?”

“Hapana, mama. Walilala hapa hapa mpaka Jumamosi, mvua inanyesha, maji yanateremka na damu kwenye vichochoro hivi. Halafu walipelekwa ng'ambo, kisiwa cha Södermalm, wakachomwa.”

“Na matanga?”

“Nani angethubutu? Kulikuwa na mtu mmoja wa mjini, Lars Hass. Yeye hakuitwa na hakuwa na kosa. Alisimama pembeni kama sisi, akaona, akalia. Mwandishi wa siku zile anasema walimkokota kutoka kwenye umati wakamkata kichwa na yeye, kwa sababu ya kulia.”

Hapo kwenye karatasi ya Maya palikuwa na mzaha. Mtembezaji anatakiwa kusema: basi wageni wapendwa, mkitaka kulia subirini mfike hotelini. Kila siku watu hucheka hapo. Winifrida hakusema mzaha wala kitu kingine.

Mama Vénantie ana mume na kaka wawili ambao makaburi yao hajaonyeshwa hadi leo. Kulikuwa na wiki fulani za mauaji huko kwao, aliwahi kutuambia mara moja tu, ambazo mama alimlilia mwanawe akiwa ameuma mto, jirani asisikie. Aliweka kikombe chini. Akainuka kwa shida, akaenda katikati ya uwanja kwenye mawe yaliyolowa.

“Pole, Lars,” akasema. “Pole, mwanangu. Leo umeliliwa.”

Akalia, bila makelele. Darlène akamfuata akamshika bega, na mwingine, na mwingine, mpaka wote kumi na tisa walikuwa pale wamesimama katika mvua. Wageni waliokuwa wakipiga picha za nyumba za rangi walishusha simu zao. Baba mmoja wa makamo akavua kofia. Sidhani kama alijua kwa nini.

Walipomaliza Maya akaja. Pua yake ilikuwa nyekundu, nikadhani ni baridi. Alikuwa hajaelewa neno hata moja isipokuwa jina. Akauliza kwa Kiswidi, “Ulisema nini pale ulipomtaja Lars?”

Winifrida alimjibu kwamba amesema yaleyale yaliyoandikwa kwenye karatasi, ila mzaha ameuacha.

Macho ya Maya yakang'aa kibiashara. Alisema hajapata kuona kitu kama hiki. Alitaka kifanyike kila Jumamosi: Winifrida asimulie, na akina mama hawa waje na vitambaa vyeusi na chai, walie vilevile, naye atawalipa wote. Nilimfinya wifi yangu mgongoni kwa nguvu zangu zote. Kubali, mwanamke, kubali, una goti bovu na Desemba inakuja!

“Hapana,” akasema Winifrida. “Kusimulia nitasimulia kila siku ukitaka. Msiba hauigizwi.”

“Na mzaha?”

“Mzaha huo siwezi kuusema. Yule ni mtu.”

Akatoa ile karatasi mfukoni, akamrudishia. Nilimkasirikia kiasi cha kutaka kumtikisa, na papo hapo nikatamani dada yangu, mama yangu na kila mtu niliyewahi kumjua wangekuwepo wamwone alivyosimama. Maya akaisoma tena karatasi.

“Nimekuwa nikiusema mzaha huu miaka sita,” akasema. “Sikuwahi kumfikiria yeye.”

Akaondoka na mwavuli wake, akisema atapiga simu. Hayo maneno tumeyasikia mara nyingi katika nchi hii.

Mimi nilikuwa bado na kesi yangu. Mama Vénantie alitoa hukumu pale pale kisimani, akifuta macho kwa ncha ya khanga. Alisema sikumtania mtu, nilitangaza msiba, na anayetangaza msiba ndiye mfiwa. Kwa hiyo matanga yangekuwa kwangu Märsta, kesho baada ya misa, na wangekula.

Nilipika pilau usiku kucha nikinung'unika. Jumapili walikuja wote, tena kwa wakati. Nilisimama mlangoni nimejiandaa kucheka pamoja nao. Wa kwanza akanishika mkono akasema pole, hakucheka. Wa pili akasema pole sana, dada. Wa tatu alipofika, mkono wake ukiwa wa baridi kutoka nje, nilishindwa. Nililia mlangoni kwangu nikimlilia mtu nisiyemjua, aliyekosa kuwa na moyo mgumu siku ambayo moyo mgumu ungemwokoa. Winifrida alinikuta hivyo. Akanipa khanga yake nijifute, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe na kaka yangu hakuwa na la kunitania.

Maya alipiga simu jioni ile, sahani zikiwa bado mezani. Winifrida alisikiliza, akasema asante mara mbili, akakaa. Amepewa matembezi ya asubuhi, siku nne kwa wiki. Mzaha umefutwa kwenye karatasi, kwa watembezaji wote. Mama Vénantie aliinua macho kwenye pilau akauliza kama nyama imebaki.

Jumatatu ya kwanza ya Desemba nilisafisha ndege bila wifi yangu. Nilikuwa safu ya kumi na nne ilipofika saa tano kasorobo, nikajua sasa hivi yuko kisimani, amewaketisha watu, amefika kwa yule mtu. Nikazima mashine, nikasimama. Msimamizi wetu Mikael akachungulia kutoka mlangoni akauliza kama naumwa.

Nikamwambia siumwi, nimefiwa. Akavua glavu zake, akauliza kwa sauti ya chini ni nani, na ni lini. Nikamwambia anaitwa Lars, na kwamba taarifa ilichelewa kutufikia.

Akasema pole, nichukue muda ninaoutaka. Nikauchukua.