Utafiti wa Vibanda Vyetu

Binti wa kaka yangu anasoma biashara chuo kikuu. Utafiti wake ulituhusu sisi wauza mitumba tusio na leseni, na mimi ndiye niliyewaambia wenzangu wamjibu bila woga. Ripoti ilipofika manispaa, vibanda vyetu kumi na vinne vilivunjwa asubuhi moja. Wenzangu wakabeba mbao zilezile za vibanda kwenda chuoni kumtafuta, nami nikawatangulia mbio.

Nilimkuta ofisini kwa mwalimu anayemsimamia. Wenzangu wakaingia nyuma yangu.

“Ameandika yeye huyo,” mwalimu akasema, akimsukuma mbele. “Mimi nasimamia tu.”

Fundi cherehani wetu akainua ubao amtwange binti kichwani. Nikaukinga kwa mkono, mfupa ukavunjika.

“Baba mdogo!” binti akapiga kelele. Akawatupia rasimu yake. “Someni! Mimi nilizificha namba za vibanda vyenu. Tazameni huo mwandiko wa nani!”

Fundi akasoma wino mwekundu kwa sauti: “Weka namba zote, la sivyo hufaulu.”

Mwalimu akatazama mlango.

“Haya mwalimu,” fundi akasema, “leo tunakusimamia sisi.”

Nilibaki na mkono mmoja mzima, nikautumia kufunga mlango.